Deni la Anayetarajia

Nchini Marekani mtoto huingia darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, akiwa na miaka 14 au 15. Akipangiwa darasa la Kiingereza la kiwango cha juu, wiki ya kwanza hupeleka nyumbani karatasi mbili tatu za kutiwa saini na mzazi. Humo mwalimu ameorodhesha anayoyatarajia: kusoma kila usiku, kuja na kitabu darasani, kuchangia mjadala, kuandika insha kwa utaratibu wa chama cha wasomi wa lugha, Modern Language Association. Kisha yanafuata masharti. Kazi iliyochelewa hukatwa alama kila siku inayopita. Anayenakili maandishi ya mwingine na kuyaita yake hupata sifuri na mzazi wake huitwa.

Karatasi hizo husomwa kama taarifa za ofisini, zikawekwa saini na kusahaulika. Mimi naona zinabeba swali zito: tunapotarajia jambo kutoka kwa mtu, tunafanya nini hasa?

Nikitarajia basi litafika saa mbili na lisifike, nimekosea hesabu tu. Basi halina lawama. Lakini mwalimu anayetarajia mwanafunzi asome sura tatu, kisha mwanafunzi asisome, hasemi kwamba alikosea hesabu. Anamwambia mtoto: umepungukiwa na jambo lililokuwa juu yako. Mwanafalsafa wa Uingereza P. F. Strawson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1962 kuhusu uhuru na kinyongo, alitenganisha namna mbili za kumkabili mtu. Unaweza kumchukulia kama jambo la kushughulikiwa, la kutibiwa au kudhibitiwa. Au unaweza kumchukulia kama mwenzako, ambaye ana haki ya kushukuriwa akitenda wema na kukasirikiwa akikosa. Matarajio ya mwalimu ni ya namna hii ya pili. Yana heshima ndani yake, hata yanapouma. Mtoto ambaye uvivu wake haumsikitishi mtu yeyote amekwisha kuondolewa katika hesabu ya watu.

Tatizo la darasa la kiwango cha juu ni kwamba linachanganya namna mbili za kutarajia, kutabiri na kudai. Limeundwa kwa utabiri: mitihani ya darasa la nane na maoni ya walimu waliotangulia vimesema kuwa fulani ataweza. Baada ya hapo utabiri huo hugeuzwa heshima, na waliotabiriwa kuweza ndio wanaodaiwa kufanya makubwa. Na wale wa chumba cha jirani? Utabiri kwamba hawatasoma hugeuka kibali cha kutowapa kitabu kigumu. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko wingi wa masharti. Kosa la utabiri huweza kusahihishwa, ila mtoto ambaye hakuwahi kudaiwa chochote hana mahali pa kuuonyesha uongo wa utabiri huo.

Hapa wengi huukimbilia utafiti wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, uliochapishwa kitabuni mwaka 1968. Katika shule moja ya msingi ya California walimu waliambiwa kwamba wanafunzi fulani, kama mmoja katika kila watano, walikuwa karibu kuchanua kiakili. Majina yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipokwisha, watoto wale walionekana kupanda zaidi ya wenzao, hasa wadogo wa darasa la kwanza na la pili. Habari hiyo ilienea duniani kama ushahidi kwamba mwalimu akiamini, mtoto huweza. Haikuwa rahisi hivyo. Mwaka uleule mwanasaikolojia Robert Thorndike alizikosoa vikali alama za vipimo vilivyotumika, na mwaka 2005 Lee Jussim na Kent Harber, wakipitia tafiti za miaka zaidi ya 30, walikuta kwamba athari hiyo ipo lakini kwa kawaida ni ndogo, na kwamba mara nyingi walimu hutarajia sawasawa kwa sababu wanayajua mambo ya wanafunzi wao.

Kwa hiyo imani peke yake haina uchawi. Lakini Rosenthal mwenyewe baadaye alieleza njia ambazo matarajio hupitia mpaka kumfikia mtoto, na maelezo hayo yana faida kuliko habari yenyewe. Alitaja nne: mwalimu humchangamkia zaidi mtoto anayemtarajia makubwa, humfundisha mambo mengi zaidi, humpa nafasi zaidi ya kujibu, na humrudishia majibu ya kina kuhusu kazi yake. Yote manne ni matendo ya mwalimu. Hakuna hata moja lililo moyoni mwake tu.

Nashikilia basi kwamba kutarajia makubwa kutoka kwa mtu ni kujitwisha deni. Mwenye kutarajia pasipo kujifunga kwa lolote ametabiri tu, au ameamrisha. Chukua *Romeo and Juliet*, tamthilia inayosomwa sana katika darasa la tisa. Mwalimu mmoja anasema, someni tendo la pili usiku huu, kesho kuna jaribio. Mwingine anasema vilevile, ila kwanza ametumia kipindi kizima akiwaonyesha namna Shakespeare anavyopindua mpangilio wa maneno, wapi pa kupumua, na kwa nini neno la miaka 400 iliyopita lina maana isiyo ya leo. Wote wawili wameandika sentensi ileile katika karatasi zao. Ni wa pili tu aliyetarajia.

Na deni hilo halimwishii mwalimu. Mwenye wanafunzi 120, akitumia dakika 10 kwa kila insha, anahitaji saa 20 kusahihisha zoezi moja, nje ya vipindi vyake. Shule inayotangaza kwamba watoto wake wataandika insha nzito kila mara, kisha ikampa mwalimu madarasa matano yaliyojaa, imetoa ahadi kwa mfuko wa mtu mwingine. Insha itarudi baada ya wiki nne ikiwa na herufi moja juu yake, na mtoto hatajua alikwama wapi.

Niende kwenye masharti, maana hapo watu hugawanyika vikali. Mwaka 2004 Douglas Reeves, mwandishi wa masuala ya elimu, aliandika dhidi ya sifuri. Hoja yake ni ya hesabu: katika kipimo cha alama 100, daraja moja hadi jingine ni kama alama 10, lakini kutoka daraja la mwisho la kufaulu hadi sifuri ni alama 60. Insha moja isiyoletwa inaweza kuzama na muhula mzima. Tena kukata alama kwa kuchelewa huchanganya vitu viwili: uwezo wa kuandika na uwezo wa kuwahi. Mtu akiiona alama 70 hawezi kujua kama mtoto huyu hajui kujenga hoja au alikuwa akilea wadogo zake Jumapili usiku.

Aristotle aliliona jambo hili muda mrefu kabla ya shule hizi. Katika kitabu cha tano cha *Maadili ya Nikomako* anasema sheria husema kwa ujumla, na maisha huleta yasiyoingia katika ujumla huo. Ndipo uadilifu wa kuzingatia hali unapohitajika kuirekebisha sheria. Anaufananisha na rula ya madini ya risasi waliyoitumia wajenzi wa Lesbos, iliyokunjika kufuata umbo la jiwe.

Nakubaliana naye, ila nina hofu moja ambayo watetezi wa huruma huipita haraka. Sharti linalopindwa kimyakimya humfaidi anayejua kuomba. Mzazi msomi ataandika barua pepe, mwanawe ataongezewa siku tatu. Mtoto mwenye haya, aliyefundishwa kwamba mwalimu habishiwi, atakaa kimya na kula sifuri yake. Ndiyo maana sharti kali lililoandikwa wazi huweza kuwa na haki kuliko upole wa faraghani. Njia iliyo bora ni kuiandika huruma yenyewe: katika karatasi ileile mwalimu aseme ni sababu zipi zinakubalika, ombi linapelekwaje, na kila mwanafunzi apewe siku kadhaa za kuchelewa bila kutoa maelezo. Rula ikikunjika, ikunjike mbele ya wote.

Mtoto mwenye haya ninayemfikiria yupo. Familia nyingi za wakimbizi wa Kongo wazungumzao Kiswahili zimepewa makazi Marekani, katika miji kama Louisville na Dallas. Mtoto wao anaweza kuwa anasema Kiswahili, Kibembe na Kifaransa, na akawa na akili pevu ya hadithi, lakini mtihani uliompanga ulimuuliza kwa Kiingereza cha mwaka wake wa pili. Utabiri juu ya lugha ukaandikwa kama utabiri juu ya akili. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau na Nichols iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, kwamba kuwapa watoto vitabu vilevile na walimu walewale, kwa lugha wasiyoielewa, si kuwatendea sawa. Uamuzi huo nausoma kama maelezo ya deni ninalolisema: anayemdai mtoto amfikie ana wajibu wa kumwekea njia.

Evanston, mji ulio kaskazini mwa Chicago kando ya Ziwa Michigan, ulijaribu kulilipa kwa namna yake. Desemba 2010 bodi ya shule ya sekondari ya mji huo ilipitisha mpango wa kuwaweka wengi wa wanafunzi wapya wa darasa la tisa katika darasa moja la fasihi na historia, lenye mtaala wa kiwango cha juu. Sifa ya kiwango cha juu haikutolewa tena mlangoni. Mwanafunzi aliipata kwa kazi aliyoifanya katika mwaka.

Wazazi waliopinga waliogopa kwamba watoto wao wangecheleweshwa, na hofu hiyo siidharau. Kuchanganya watoto pasipo kumwongezea mwalimu muda na msaada ni kuhamisha deni tu, na darasa huishia kutarajia ya wastani kutoka kwa wote. Hata hivyo Evanston iligusa mzizi. Mwalimu wa darasa kama hilo anaingia Agosti bila orodha ya kumwambia nani wa kuulizwa maswali magumu. Inambidi amuulize kila mmoja, asikilize jibu, amsaidie aliyekwama, kisha amuulize tena wiki inayofuata.