Mwenye Kunyanyuka Kitini

Siti binti Saad alipoimba habari ya Kijiti, yule muuaji wa Unguja, alimtaja kwa jina, na santuri zikalieneza. Nyimbo za mapenzi za taarab haziendi hivyo. Humo mtu ni ua, ni tunda, ni fulani tu. Mtunzi hamshitaki yeyote. Jina huletwa ukumbini na yule anayenyanyuka kitini.

Palikuwa na mashoga wawili wa mtaa mmoja, waliozoea kugawana doti: huyu upande, yule upande, jina moja la kanga. Mmoja alikuwa na mume. Mwenzake akampenda mume huyo, na mume hakukataa. Muda mrefu siri ikakaa. Mwenye mume akija jioni kulalamika kwamba nyumbani hasemeshwi, anayemfuta machozi ni huyohuyo mwizi wake, tena anamshauri: "Mnunie na wewe, shoga, atajirudi." Kwangu mimi ubaya mkubwa ulikuwa hapo, kuliko hata kitandani. Siri za ndoa alizipokea kama amana, akazitumia kuibomoa.

Ikaja harusi, wote wawili wamevaa sare. Kundi likapiga wimbo wa anayekula cha mwenzake na mwenzake hana habari. Mwenye akili angeinamia soda yake. Lakini penzi la siri nalo hutamani kushangiliwa, na pale ukumbini hakuna atakayeulizwa kitu, kwani kutunza si kosa. Akanyanyuka na noti yake, akaenda kwa madaha, akamtunza mwimbaji kwenye ubeti uleule, akarudi, akaenda tena.

Mwenye mume akaona vibaya kumwacha shoga yake acheze peke yake. Akachomoa noti pochini, akamfuata, akamshika kiuno, wakatunza pamoja. Vigelegele vikalipuka meza za nyuma. Akadhani vya furaha.

Somo yake, aliyemfunda alipoolewa, ndiye aliyemwendea.

"Mwanangu, rudi ukae."

"Kwani kuna nini, somo? Namsindikiza shoga yangu."

"Huo wimbo wake. Unamtunzia kwa pesa zako."

Wapo wanaosema taarab ndiyo inayogombanisha watu, na enzi za ushindani wa makundi ya TOT na Muungano, miaka ya 1990, mipasho ililaumiwa sana. Siwaungi mkono. Wimbo ule ulikuwa umepigwa harusi chungu nzima bila nyumba kuvunjika.

Mwenye mume hakutukana mtu wala hakwenda kwa mjumbe. Ya mumewe aliyamaliza ndani, na huko hatuingii. Harusi iliyofuata, kundi lilipoanza wimbo uleule, alimwendea shoga yake alikoketi, akamtia noti kiganjani.

"Haya shoga, ukatunze. Leo mimi nakutazama."

Shoga akasema miguu inamuuma.