Mche Mpya wa Fumba



Masika yalipokwisha nilikwenda Fumba kumjulia hali jirani yetu wa zamani, bibi wa Kiislamu anayelima matango. Kule ni maweni: udongo kina cha kiganja, chini yake jiwe la matumbawe, na kusi inapiga moja kwa moja kutoka Ghuba ya Menai.

Nilimkuta jioni, jua limeshapoa, anapandikiza. Miche ilikuwa haijatimiza wiki tatu tangu kusiwa. Majani mawili ya kweli yamefunguka, la tatu ndiyo kwanza linachungulia. Kila mmoja aliutoa na bonge lake la udongo, taratibu kama abebaye yai, kwa sababu mzizi wa mtango ukikatika hauponi upesi. Pembeni aliweka trei ya miche mirefu, imekonda, mizizi imejisokota chini.

“Hii nimeichelewesha, Baba Padri. Nikiipanda sasa itadumaa.”

Mitango iliyotangulia ilikuwa imeshaanza kupanda kamba. Akatoa kisu, akaondoa vichipukizi vya pembeni kwenye vifundo vitano vya chini, pamoja na vitango vichanga ambavyo ua lilikuwa bado limeshikilia nchani. Nikamzuia mkono. Hayo si mazao?

“Haujashika mizizi huu. Ukianza kuzaa leo, utakomea hapo hapo.”

Majani hakuyagusa, ila yaliyolala chini. Jani ndilo linalolisha tunda. Mtango ukivuliwa majani yote hauna cha kulishia.

Ndani ya daladala nikirudi mjini, nilimkumbuka Paulo. Katika 1 Timotheo 3:6 anakataza askofu asiwe mtu mchanga katika imani, na neno alilotumia kwa Kigiriki ni neófitos, yaani aliyepandwa karibuni. Mche mpya! Paulo alihofia kiburi. Mimi, kwa niliyoyaona parokiani, naongeza uchovu.

Kijana anabatizwa Pasaka. Pentekoste ameshakuwa mwanakwaya, katibu wa vijana na mkusanya michango. Krismasi haonekani, nasi tunasema imani yake ilikuwa ndogo. Si kweli. Tulimbebesha matunda kwenye kifundo cha kwanza, na mimi ni mmoja wa waliombebesha. Na wapo wa ile trei ya pembeni: dada mwenye miaka 30, anayeyajua Maandiko, ambaye kila mwaka tunamwambia asubiri kidogo. Huyo naye tunamdumaza.

Yohana 15:2 inazungumzia tawi linalozaa, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema Baba hulisafisha, yaani hulipogoa. Kisu hicho hakimfikii mvivu peke yake. Kwa hiyo ukiombwa kuweka chini kazi moja ya kanisa mwaka huu, usidhani umeaibishwa.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wiki hii kaeni na orodha ya majukumu. Mkiona jina la aliyebatizwa Pasaka limeandikwa mara tatu, futeni mawili. Mkikuta jina la yule dada halimo, liandikeni. Kisha nendeni majumbani mwao mkawaambie wenyewe, wasije wakasikia kwa watu.