Msomaji Aliye Ndani ya Mwandishi

Mwaka 1969 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki. Watu husifu ujasiri wake, na wana haki. Mimi hunishughulisha zaidi vina vya mashairi hayo. Mtu amefungiwa peke yake, hana hakika kama karatasi zitafika nje au zitakamatwa kesho. Ya nini kuhesabu mizani? Mbona asiumwage tu uchungu wake, kina cha kati kikae au kipotee?

Naamini hakuwa peke yake kama tunavyodhani. Mizani ile hakuibuni yeye. Ni ya Muyaka bin Haji na watunzi wengine wa Mvita waliokwisha kufa, na aliyekulia katika beti zao huzisikia hata nyuma ya mlango wa chuma. Sikio lililomkagua alilipata kwa kuwasoma na kuwasikiliza. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba mwandishi hujiandikia mwenyewe. Hata mwenye shajara ya siri hufuta neno akaweka jingine. Anamfutia nani, kama hakuna anayesoma?

Mtu anaweza kunipinga kwa Euphrase Kezilahabi. Diwani yake Kichomi, ya mwaka 1974, iliacha vina na mizani, na wanamapokeo wakashikilia kwamba hayo si mashairi. Je, huyu hakuwakimbia waliomtangulia? Naona kinyume chake. Mstari wa Kezilahabi unapokatika ghafla, anayeshtuka ni yule aliyekuwa akingojea kina. Asiyewahi kusoma hata utenzi mmoja hupita tu. Kuvunja nako kulihitaji masikio yale yale. Na miaka 2 baadaye, alipoandika tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kuhusu nani? Shaaban Robert, mmoja wa hao waliomtangulia.

Hapo ndipo ninapowahofia wanaotaka kuandika kabla ya kusoma. Msamiati hawataukosa, huo huokotwa hata ndani ya daladala. Watakosa mtu wa ndani wa kuwaambia, "Hapana, rudia."

Linalonisumbua bado ni hili: mtu huyo akiwa mkali kupita kiasi, kalamu haisogei. Wapo waliosoma maisha yao yote na hawakuthubutu kuandika ukurasa mmoja. Na Muyaka akikutawala sikio, kila ubeti utakaotunga utakuwa wake. Sidhani dawa ni kusoma kidogo. Afadhali kuwasoma wengi wasiopatana, Muyaka na Kezilahabi na Shaaban Robert kwa pamoja, wabishane humo ndani mpaka asiwepo hata mmoja wa kukumalizia sentensi.