Uzito wa Dawa

Je, ni haki tabibu kumficha mgonjwa madhara ya dawa ili asikatae kuimeza? Swali hili huwakabili wote wanaotibu sonona. Amitriptilini, iliyoruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1961, huweza kumwondolea mtu majonzi mazito. Lakini huweza pia kumzidishia njaa na unene, kumkausha kinywa, kumletea usingizi na kumfunga choo.

Watetezi wa ukimya husema kuwa uhai ni bora kuliko umbo, na kwamba aonywaye huogopa. Neno la kwanza ni kweli. La pili halihalalishi kuficha. Mwili hauna siri: nguo zikibana, mgonjwa hujua. Asiyeonywa hujilaumu kwa ulafi, au huiacha dawa ghafula, akapatwa na kizunguzungu, akakosa usingizi, na pengine maradhi yakamrudia. Aliyeonywa humwendea tabibu, wakashauriana juu ya kipimo, chakula na mazoezi, au wakabadili dawa hatua kwa hatua.

Pwani tuna desturi ya kumsifu aliyenenepa kuwa amenawiri. Nia ya sifa hiyo ni njema, lakini huweza kumchoma abebaye mzigo asioutaka.

Basi kunenepa kwa dawa si aibu, wala kuchukia unene huo si utovu wa shukrani. Mgonjwa aweza kuishukuru dawa na kuilalamikia siku moja. Tabibu mwadilifu huyasikiliza yote mawili, na kwa hivyo huaminiwa.