Kompyuta Bado Nzima

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imefunga huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa hazikidhi masharti ya Windows 11. Usiitupe yako, tafadhali. Linux Mint, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni bure na ni programu huria, na programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya kujivunia ile! Ukitaka kuihamia, nakili kwanza picha na nyaraka zako mahali pengine nje ya kompyuta. Kisha iwashe kompyuta kwa flashi yenye Mint, ujaribu printa na Wi-Fi kabla hujafuta chochote.