Mwalimu Aliyeacha Chaki

Alinijia hapa Nkunga mwanafunzi wangu wa zamani, mwalimu wa miaka kumi na minane kazini, akanieleza kwamba ameacha kufundisha. Sasa anajifunza kuandika maelekezo: namna ya kutumia mashine, dawa, programu za kompyuta. Anasoma kwa intaneti na anatafuta cheti. Sikumficha, nilimwambia huo ni utoro.

"Mwalimu," alinijibu, "bado nitafundisha, ila nitawafundisha nisiowaona."

Jibu hilo lilininyima usingizi. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, niliongoza kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ilishirikisha takriban watu milioni 2 nchini. Tulikuwa na redio na kijitabu. Sikuwahi kujiuliza aliyekiandika ana cheti gani. Tulichouliza ni kama shimo la choo limechimbwa.

Hata hivyo cheti nisikibeze, maana nami nimekula kwa cheti cha ualimu maisha yangu yote. Cheti humsemea mtu mahali asipojulikana. Lakini chaweza kumzidi umri aliyekitoa: Society for Technical Communication, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1953, kiliwatahini waandishi wa namna hii na kuwapa vyeti, kisha Januari 2025 kikafilisika na kufungwa. Wenye vyeti vyake hawakuamka kesho yake wakiwa wamesahau kuandika.

Mimi nilitaka kujua jambo jingine. Mwalimu akikosea darasani, macho ya watoto humshitaki papo hapo. Huyu mwandishi atashitakiwa na nani?

Basi nilimpa chupa ya dawa ya ukungu wa viazi, yenye maelezo ya Kiingereza kitupu kwa herufi ndogo kama sisimizi, nikamwomba amwandikie mama jirani yangu. Alishinda nayo hadi alasiri. Karatasi ilikuwa safi, sentensi fupi, kila hatua na namba yake; moyoni nilimpa alama 90.

Mama aliisoma kwa sauti, polepole, hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Mwanangu, hizi mililita ni vizibo vingapi? Na kizibo chenyewe ni cha soda, au cha chupa hii?"

Mwanafunzi wangu alinitazama. Mimi nilitazama migomba. Akaichukua karatasi yake, akavua viatu, akamfuata mama shambani.