Maji ya Kinjeketile na tumaini letu



Vijana wenzangu, wengi wetu tumeisoma au kuisikia tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Ilichapishwa mwaka 1969, na hadi leo inasomwa na kuigizwa. Kinachonishangaza ni kwamba mwisho wake tunaujua kabla ya kufungua kitabu. Maji hayakuzuia risasi. Vita vya Maji Maji (1905–1907) viliua watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Sasa kwa nini bado inatushika?

Mimi naona ni kwa sababu Hussein hakumchora Kinjeketile kama tapeli. Anaamini kweli kwamba ametumwa. Watu wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko, makabila hayaelewani, naye anawapa kitu cha kuwaunganisha. Baadaye mashaka yanamwingia. Anawaomba wasubiri, wajiandae kwanza. Wapi! Ahadi imeshatoka mkononi mwake, na watu wanaipenda kuliko wanavyomsikiliza yeye.

Mwishoni amefungwa, na anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anaogopa kwamba leo watasema maji ni uongo, na kesho watawaambia watoto kwamba hata kudai nchi yao kulikuwa uongo.

Je, alifanya vema? Kanisa linatufundisha kwamba lengo jema halihalalishi njia mbaya. Kwa hiyo mimi naamini wale waliokuwa bado wanakwenda vitani walistahili kuambiwa ukweli wote: maji si kinga, lakini madai yetu ni ya haki. Ila nani angeufikisha ukweli huo mzima? Adui angebeba nusu tu, ile inayomfaa. Ndiyo maana siwezi kumhukumu kirahisi, na ndiyo maana siwezi kumsahau.

Tusidhani hayo ni ya zamani. Hapa Uyole, kama kwingineko, tunasikia habari za maji na mafuta ya upako. Februari 2020 kule Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Jamani, tusiwacheke. Walikuwa na shida za kweli, kama wale wa 1905.

Na sisi Wakatoliki tujiangalie. Maji ya baraka na rozari ni visakramenti, vinatuandaa kupokea neema. Lakini Katekisimu (namba 2111) inatuonya kwamba kutegemea ishara ya nje tu, bila moyo unaotakiwa, ni ushirikina. Ukiitundika rozari kwenye bajaji ili usipate ajali, halafu unaendesha kama kichaa, umeigeuza kuwa hirizi.

Tarehe 14 Agosti 1905, katika vita hiyohiyo, Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili waliuawa karibu na Liwale. Sala hazikuzuia mikuki, kama maji yasivyozuia risasi. Tofauti ni kwamba Kristo hakutuahidi kinga ya namna hiyo. Yeye mwenyewe hakushuka msalabani. Alituahidi kwamba kifo hakitakuwa na neno la mwisho. Tumaini hilo halihitaji kulindwa kwa kuficha ukweli.

Kwa hiyo nakuachia swali la kutafakari wiki hii. Rafiki yako mgonjwa akikwambia ameacha dawa kwa sababu ameombewa, na uso wake umejaa furaha, utanyamaza ili usimvunje moyo? Au utamwambia arudi hospitali, kisha ukae naye na kusali naye?

Tuombe: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli, na upendo wa kutomwacha peke yake tuliyemwambia. Amina.